Mara Tatu Kwenye Mkeka

Kila siku ya mazoezi Kocha alifika ukumbini kabla ya wanafunzi wake, akavua viatu mlangoni, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kupangusa mikeka kuanzia ukuta wa nyuma akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, ili asikanyage alipokwisha kupangusa. Ukumbi ulikuwa nyuma ya karakana ya vioo alikofanya kazi asubuhi, na hewa yake haikuacha kunuka gundi ya madirisha. Mikeka ilikuwa ya sponji nene iliyovikwa turubai la kijani, imechakaa pale ambapo watu huangukia bega. Alipofika kwenye mkeka wa kona, chini ya dirisha lenye nondo, alisimamisha mkono. Mkeka uligonga. Mara mbili za haraka, kisha ya tatu iliyochelewa kidogo. Kocha alisubiri iishe, akapangusa, akakamua kitambaa.

Katika judo, mtu aliyepigwa kabali hana haja ya kusema, na mara nyingi hawezi. Anagonga kwa kiganja, kwenye mkeka au kwenye mwili wa mwenzake, na mwenzake anaachia papo hapo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Kocha alimfundisha kila mgeni, kabla hata ya kumwonyesha namna ya kufunga mkanda. Kwa kuwa mkeka wa kona uligonga ulipotaka, ilitokea mara kwa mara kwamba watu wawili waliokuwa wakishindana upande wa pili wa ukumbi walisikia, wakaachiana, na kubaki wameketi wakitazamana bila yeyote kuwa ameshindwa.

"Kocha, nilikuwa nimempata!" Tofali alilalamika jioni hiyo. Alikuwa fundi mwashi mwenye mabega ya kujaza mlango, na jina hilo alipewa na wenzake wa kazini. "Nilikuwa nimempata mpaka macho yanamtoka!"

"Ukaachia?"

"Nikaachia. Kumbe ni yule wa kona."

"Umefanya vizuri."

"Vizuri wapi? Sasa huyu atazunguka mtaani akisema nimeshindwa kumkaba."

"Mtaani sisemi," mpinzani wake alisema huku akijisugua shingo. Alikuwa muuza dawa, mwembamba, mwenye ulimi mrefu kuliko mikono. "Nitasema kwako, kwa shemeji. Mtaani watanisaidia nini?"

Wote wakacheka, Tofali naye akacheka, kwa shingo upande. Kocha hakucheka, ila aliwaacha wamalize. Kanuni yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: achia kwanza, uliza baadaye.

Mikeka ilitoka kambini. Kambi ya jeshi ya pembezoni mwa mji ilikuwa imepata mipya, ikagawa ya zamani kwa klabu za uraiani, na lori likaja kuishusha mbele ya karakana ya vioo wakati Kocha ameshika kioo cha kabati na hawezi kuinua hata kidole kuwapungia. Jioni hiyo aliitandika mwenyewe. Alipomaliza na kunyoosha mgongo, mkeka wa kona uligonga, naye akaketi chini. Alimtambua aliyekuwa akigonga jinsi mtu anavyotambua kikohozi cha nyumbani kwao katikati ya umati.

Alikuwa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao. Kocha alianza kumfundisha angali mdogo kiasi kwamba mkanda ulimzunguka kiuno na kubaki ukiburuta sakafuni. Watu wote hugonga mara mbili. Yeye aligonga tatu.

"Mbili zinaweza kuwa bahati mbaya, Dada," alimweleza siku moja, akiwa hajaota hata meno yote ya mbele. "Labda mkono umeteleza. Ya tatu ndiyo anajua nasema kweli."

Alikufa kambini mwaka mmoja kabla ya mikeka kugawiwa, akiwa kuruta, katika somo la mapambano ya mikono mitupu. Daktari wa kambi alisema ni moyo. Jeneza lililetwa na askari waliovaa glavu nyeupe, wakalishusha kwa hatua za pamoja, wakasimama mpaka mwisho bila kupangusa jasho. Kocha alikuwa ameshindana na mdogo wake miaka yote ya kukua kwake, kifua kwa kifua, na moyo huo aliusikia ukidunda hata pale wa kwake mwenyewe ulipochoka. Alisikiliza maelezo ya daktari mpaka mwisho. Hakuyaamini, lakini hakuwa na la kuweka mahali pake.

Mama yao aliletwa ukumbini siku iliyofuata kutandikwa kwa mikeka. Alivua kandambili, akaketi kando ya mkeka wa kona na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri zamu hospitalini, akasikiliza.

"Ni yeye," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hatulii?"

"Hajaachiwa."

"Sasa si umwachie?"

"Simshiki mimi, Mama."

Mama alifikiri. Mkeka ukagonga tena, naye akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima joto la mtoto. "Basi mtafute anayemshika," alisema.

Hakuhitaji kutafutwa. Alikuja mwenyewe, akiwa likizo, mchana ambao ukumbi ulikuwa mtupu. Alivaa nguo za kiraia alizozipiga pasi mpaka zikasimama mistari kama sare. Kambini makuruta hupangwa wawili wawili tangu wiki ya kwanza, na huyo aliyepangwa nawe huitwa mwenzako: mnalala vitanda jirani, mnashindana nyinyi kwa nyinyi, mmoja akikosa wote wawili mnaadhibiwa. Huyu ndiye aliyekuwa mwenzake wa marehemu.

"Habari za hapa, Dada. Nimesikia mnao ule mkeka."

"Uko pale."

"Naomba kulala juu yake."

Kocha alimruhusu. Mwenzake alivua viatu, akalala chali kwenye mkeka wa kona, akakunja mkono wa kulia kuzunguka hewa, kiganja kikishika kiwiko cha mkono wa kushoto, kama alivyokuwa siku ile. Kisha akaukunjua polepole, akautandaza, akauacha wazi. Mkeka ukagonga. Alisubiri. Mkeka ukagonga tena, mbili na moja, palepale chini ya bega lake.

"Hanigongei mimi," alisema, macho yakiwa darini. "Mimi nilishaachia."

"Anamgongea nani?"

Alieleza akiwa amelala, kwa sababu huenda kuketi kungemlazimu kumtazama usoni. Kambini, alisema, hakuna kugonga. Mkufunzi mkuu aliwaambia siku ya kwanza: adui atagonga, atalia, atamwita mama yake, nawe ukimwachia atakuua. Askari anaachia akisikia neno moja tu, Achia, na anayelitoa ni mkufunzi peke yake. Kwa hiyo makuruta wote walijizuia kugonga; waliona ni aibu, na halafu hakuna faida.

"Yeye hakuacha," Mwenzake alisema. "Nilimwambia, kaka, huku hakuna kugonga, unajichosha bure. Akaniambia, dada yangu kanifundisha ukigonga unaachiwa. Nikamwambia, dada yako si mkufunzi wa hapa. Akasema, mtazoea tu."

Kocha alikuwa akikunja mikanda ya klabu. Aliendelea kukunja.

"Siku hiyo aligonga?"

"Aligonga. Nikamtazama mkufunzi, maana huruhusiwi kumtazama uliyemkaba, unamtazama mkufunzi. Yeye alikuwa anatazama getini, kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja. Akagonga tena. Nikawa nasubiri neno."

"Ukasubiri."

"Nikasubiri, Dada. Mgeni akaingia, mkufunzi akapaza sauti: Mguu sawa! Tukasimama wote. Mimi nikasimama. Yeye akabaki chini. Mkufunzi akapiga saluti, mgeni akapita mstari mzima akitusalimu, akauliza mbona huyu amelala. Akaambiwa amechoka."

"Kwa hiyo neno halikutoka."

"Halikutoka. Mpaka leo."

Kuanzia hapo mambo yakawa wazi, na kama kazi yoyote iliyo wazi, yalihitaji tu kufanywa. Kocha alipiga magoti kwenye mkeka wa kona na kusema "Achia." Mama alisema "Achia, baba," kisha akajirekebisha na kulisema bila baba. Tofali alilisema kwa sauti iliyotingisha nondo za dirisha. Darasa zima lililisema kwa pamoja, na muuza dawa akatoa wazo kwamba labda tatizo ni sauti, si neno. Mwenzake alikuwa na video kwenye simu yake, siku ya maonyesho ya kambi, na ndani yake mkufunzi mkuu alisikika vizuri akiwaamuru makuruta wengine kuachia. Waliweka simu juu ya mkeka, wakaongeza sauti hadi mwisho. "Achia!" simu ilisema. Mkeka ulinyamaza kwa kitambo, kama mtu aliyesikia anaitwa na hana hakika. Kisha ukaendelea. Amri ile ilikuwa ya watu wengine.

Kocha alikwenda kambini. Alikaa kwenye benchi la getini kwa muda ambao watu hukalishwa ili wakate tamaa, na alipokosa kukata tamaa akapelekwa kwa kapteni mmoja mwenye meza safi.

"Nina ombi, afande. Mkufunzi mkuu aje ukumbini kwangu aseme neno moja."

"Neno gani?"

"Achia."

Kapteni aliweka kalamu chini. "Kuna nini huko?"

"Mmoja wa mikeka mliyotupatia unagonga."

"Ni mkeka? Mkeka wenyewe ndio wenye tatizo?" Uso wa kapteni ulifunguka. Alikuwa amehofia kwamba jambo lenyewe lilimhusu marehemu. "Ungesema tangu getini, dada yangu. Vifaa ni suala la stoo. Tutatuma watu waikague."

"Na mkufunzi mkuu?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akiitumia. Lazima awepo."

Ukaguzi ulifanyika alasiri moja ya mawingu mazito. Gari la jeshi likaegeshwa mbele ya karakana ya vioo, likiendeshwa na Mwenzake, ambaye hakuomba kazi hiyo, alipangiwa. Waliingia watatu: sajini wa stoo akiwa na utepe wa kupimia, daktari wa kambi, na mkufunzi mkuu. Daktari alikuwa ameitwa kwa sababu kapteni aliposikia kwamba kuna kitu kinagonga alidhani ni busara awepo mtu wa kusikiliza. Mama alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, mkoba mapajani.

Mkufunzi mkuu hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mwenye masikio yaliyovimba na kukakamaa kwa kusuguliwa sakafuni miaka mingi, na alichechemea kidogo mguu wa kushoto. Alivua buti akazipanga vidole vikitazama mlangoni. Alipofika ukingoni mwa mikeka, kabla ya kukanyaga, aliinamisha kichwa. Hakuna anayefanya hivyo jeshini. Huo ni mwinamo wa mtu aliyejifunzia judo uraiani, utotoni, kwenye ukumbi kama ule, chini ya mwalimu aliyemwambia jambo la kwanza ambalo kila mwalimu humwambia mgeni. Kocha aliuona, na mkufunzi alijua kwamba ameuona.

"Pole, mama," alimwambia mama.

"Asante."

Sajini wa stoo alipima unene wa kila mkeka na kuubonyeza kwa gumba. Alipofika kwenye wa kona, ukamgonga gumba. Alisubiri kwa adabu, kisha akapima. Unene ulikuwa sawa na wa mingine. Daktari alipiga magoti, akavaa kipimo chake masikioni, akaweka ncha yake kwenye turubai na kufumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyowasikiliza wagonjwa wake wengi.

"Huu si moyo," alisema hatimaye.

"Hapana," Kocha alimjibu. "Ni mkono."

"Moyo hauendi hivi."

"Ndiyo, daktari. Haukuwa moyo."

Daktari alivua kipimo masikioni akakikunja. "Kama ni mkono, basi mimi hapa sina kazi," alisema, akaenda kusimama karibu na dirisha, akitazama nje kupitia nondo.

Akabaki mkufunzi mkuu. Alipanda kwenye mkeka wa kona kwa miguu mitupu, na mkeka ukagonga chini ya nyayo zake, mbili na moja, na tena, mbili na moja, haraka kuliko ulivyowahi kugonga. Hakuruka wala kurudi nyuma. Alisimama akitazama chini kati ya miguu yake. Miguu mitupu ya watu wa kazi hiyo inajua mambo mengi: uzito umehamia wapi, nani ataanguka. Yake ilikuwa inajua pia.

"Neno moja tu, baba," mama alisema.

"Mama, neno hilo ni amri." Alizungumza kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. "Amri haitolewi hewani. Inatolewa kwenye mafunzo, kwa askari aliyemshika mtu. Hapa hakuna aliyeshikwa."

"Huyo je?"

"Huyo hayumo kwenye orodha yangu, mama."

Kocha alipiga moyo konde. Kwa kweli alikuwa ameshaamua tangu alipouona mwinamo ule; alingoja tu afunguliwe mlango, na mkufunzi ndiye aliyeufungua. "Kama tatizo ni mafunzo," alisema, "na yawe mafunzo." Alifunga mkanda wake vizuri, akalala chali kwenye mkeka wa kona, akamwita Mwenzake aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari.

"Nikabe."

Mwenzake alimtazama mkufunzi. Mkufunzi, kwa mazoea au kwa sababu nyingine, aliitikia kwa kichwa.

Mwenzake alivua buti. Akaingia chini ya Kocha kama alivyofundishwa, mkono wa kulia ukapita chini ya kidevu chake, kiganja kikashika kiwiko cha kushoto, na mkono wa kushoto ukasukuma kisogo. Ilikuwa kabali nzuri. Kabali nzuri haifungi pumzi. Inabana mishipa iliyo pande mbili za shingo, na damu inasimama. Kwanza sauti zinakwenda mbali. Kisha kiza kinaanzia pembeni mwa macho na kuja katikati taratibu, bila maumivu makubwa. Kocha aliijua njia hiyo, alikuwa ameifundisha. Aliinua mkono na kugonga mara mbili, na baada ya kitambo kidogo mara ya tatu.

Chini yake mkeka uligonga pamoja naye.

Kwa mgongo, kupitia mwili wa Mwenzake, alikisikia kiganja kimoja na kwa mkono wake alikisikia kingine, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuwa na haja ya kukisia ilivyokuwa. Ilikuwa hivi. Alikuwa amelala hivi, mbavu za mtu nyuma ya mbavu zake, akiamini kile alichoambiwa na dada yake. Mkono wa Mwenzake haukulegea, na macho yake yalikuwa kwa mkufunzi, kama inavyotakiwa.

Mkufunzi mkuu alifungua mdomo. Wote walimwona. Mama alikuwa amesimama na mkoba ukamwanguka miguuni. Sajini alishika utepe wake bila kuurudisha kwenye kasha. Hata daktari aligeuka kutoka dirishani. Neno lilikuwa limekwisha kupanda kifuani kwa mkufunzi na kufika kooni, kwa sababu ni neno alilolisema maelfu ya mara maishani mwake na halikuwahi kumgharimu chochote. Mdomo wake ulichukua umbo lake. Halafu akamtazama daktari, na daktari akamtazama yeye, na kila mmoja aliona ndani ya macho ya mwenzake yote ambayo yangefuata baada ya neno hilo.

Kocha aligonga tena. Safari hii kiganja kilianguka kimoja tu, cha kwake hakikufika.

"Mguu sawa!" mkufunzi mkuu alipaza sauti.

Mwenzake akasimama. Sajini akasimama wima na utepe mkononi. Daktari naye akabana visigino. Kocha alibaki chini mpaka kiza kikarudi pembeni kilikotoka na dari ikaonekana upya, pamoja na doa la maji aliloahidi kulipaka rangi. Karibu na sikio lake mkeka uliendelea, mbili na moja.

"Mikeka iko katika hali nzuri," sajini wa stoo alisema baada ya muda, kwa kuwa mtu fulani alipaswa kusema kitu. "Haina tatizo la kiufundi."

Walivaa buti zao. Mwenzake alifunga kamba za zake vibaya, akazifungua, akazifunga tena, na bado zilikuwa vibaya. Kabla ya kutoka, mkufunzi mkuu aligeuka ukingoni na kuinamisha kichwa tena, kwa mikeka, au kwa mwalimu wake wa zamani, au kwa desturi tu. Gari lilipoondoka vioo vya karakana vilitetema kidogo.

Mama alikuja akapiga magoti, akamfungua Kocha kola ya koti na kumtazama shingo. Alama ilikuwa nyekundu, pana.

"Alikaribia," mama alisema.

"Alikaribia sana, Mama."

"Ana watoto?"

"Nadhani anao."

Mama aliokota mkoba wake, akapangusa vumbi lisilokuwepo. "Basi atakuwa anawalea vizuri," alisema.

Kambi ilijadili taarifa ya ukaguzi na ikachukua hatua. Mwenzake aliwaletea habari hizo likizo iliyofuata. Alikuwa ameomba kuhamishiwa jikoni, akakataliwa kwa sababu alikuwa na kabali nzuri kuliko wote. Ilionekana, alisema, kwamba chanzo cha usumbufu ni mikeka, kwa kuwa sponji na turubai hutunza mitikisiko. Kwa hiyo mikeka mipya imekunjwa na kufungiwa stoo, na somo la mapambano ya mikono mitupu sasa linafanyikia uwanjani nyuma ya bwalo, kwenye ardhi tupu. Makuruta wapya wameshaingia. Neno bado ni la mtu mmoja.

"Na wanagonga?" Kocha aliuliza.

"Wanaotoka klabu za mjini wanagonga siku za mwanzo. Halafu wanazoea."

Kambi ilijitolea pia kuuchukua mkeka wa kona na kuuchoma moto bila malipo. Kocha alikataa. Aliuacha palepale, na watu wakaendelea kufanyia mazoezi juu yake kama juu ya mingine, ila mtu akimwangusha mwenzake hapo humshusha taratibu. Mama huja alasiri, huketi, huweka kiganja, na mara nyingine husinzia hivyo hivyo. Mashindanoni klabu hiyo inajulikana. Wachezaji wake wana mbinu safi na hawashindi, kwa sababu wanaachia mapema: kiti kikikwaruza jukwaani, wanaachia, mtu akipiga makofi, wanaachia. Waamuzi wameshachoka kumweleza Kocha kwamba hilo ni kosa la ufundishaji linaloweza kurekebishwa kwa mwezi mmoja. Kocha huwashukuru na kuwarudisha wachezaji wake nyumbani na shingo zao.

Mwaka huu wawili kati yao walipata nafasi jeshini. Wazazi wao walifurahi, kazi zenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Kocha aliwaita kando mmoja mmoja na kuwaambia kwamba watakakokwenda wasigonge, wajifunze kuvumilia, wajifunze kukunja kidevu mapema kabla mkono haujaingia. Mmoja alimuuliza: sasa ukiwa umeshaingia? Kocha alimwambia akunje kidevu mapema.

Wiki chache baada ya wawili hao kuondoka, fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyejiunga na klabu kwa ajili ya mgongo wake, alichelewa mazoezini. Anaishi kwenye nyumba zilizopakana na uzio wa kambi. Alikuwa anafunga mkanda huku anahema.

"Nisamehe, Kocha. Nilikuwa naokota vigae. Siku hizi kwetu vikombe vinatembea mezani mpaka vinaanguka."

"Vinatembezwa na nini?"

"Sakafu. Inagonga. Ilianza asubuhi, makuruta wakiwa kwenye mazoezi yao, sasa ni wakati wowote."

"Mara ngapi?"

"Wengine mara mbili. Yupo mmoja anagonga ovyo ovyo, bila mpango. Na mwingine anakwaruza tu."

"Na Jumapili, wakiwa wamepumzika?"

"Jumapili ndiyo zaidi, Kocha. Uwanja ukiwa hauna mtu."

Kocha alimtazama. Nyuma yao Tofali na muuza dawa walikuwa wameshaanza kubishana nani aanze kuanguka.

"Majirani wanasemaje?"

"Watasema nini?" Fundi cherehani alikaza fundo la mkanda wake, akalivuta kuhakikisha limeshika. "Tumehamia vikombe vya plastiki."